Mti Uliozaa Kupita Kiasi

Mwaka ule mparachichi mama wa kitalu ulizaa mpaka ukaitia aibu miti mingine yote. Matawi yalilemewa yakakaribia kugusa ardhi, ikabidi yategemezwe kwa miti ya panda kumi na minne, na hata hivyo moja lilipasuka. Mwenye kitalu, mzee aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, alikuwa akizunguka chini ya mti huo kila asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akiusemesha kama mtu. Kila aliyekuja kununua mche alipelekwa kwanza kuutazama, atake asitake.

Alikuwa na sababu. Mti ule aliuotesha marehemu mkewe kutokana na kokwa la tunda alilokula mwenyewe, na makokwa yana tabia ya kutozaa tunda lile lile la mama yao. Lile lilizaa tunda bora kuliko la mama yake. Kwa hiyo ladha ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na njia pekee ya kuieneza ilikuwa kubebesha: kukata kijiti cha mti huo, ambacho wenye kazi hukiita kikonyo, na kukiunganisha na mche mchanga wenye mizizi imara, mpaka viwili viwe kimoja. Safari hii miche mia nne ilikuwa imepangwa kwenye mifuko ya udongo ikisubiri vikonyo.

Mzee aliandika barua kwa chuo cha kilimo. Mkuu wa chuo akajibu kwamba angekuja Alhamisi ya wiki iliyofuata pamoja na wanafunzi sitini, kuuona mti na kumwona anayeutunza.

Anayeutunza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Watu walimwita Wembe kwa sababu ya kisu chake cha kubebeshea, ambacho alikijaribu kila asubuhi kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake mwenyewe. Kisu kisichonyoa, alisema, kisiguse mti. Kinachana badala ya kukata. Katika kila vikonyo mia alivyoviunga, tisini na sita vilishika. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, na alichokijua alikipata kwa njia ambayo wengi wenye vyeti wangeona haya kuifuata: aliuliza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia maabara ya chuo kile kile. Siku moja fundi wa maabara, mtu wa maneno machache, alikuwa amekata kipande chembamba sana cha shina la mharage, akakitia rangi nyekundu na kukiweka chini ya hadubini. Wembe alisimama na fagio lake akauliza kulikuwa na nini humo. Fundi akamwambia atazame, lakini asiguse. Aliinama, na hakuinuka upesi. Aliona duara la matundu, makubwa kwa madogo, yamepangwa vizuri kuliko sega la nyuki. Alikuwa amekula maharage maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya shina lake kulikuwa na kazi ya ufundi namna ile.

Fundi alimweleza. Mirija mikubwa ya ndani inaitwa zailemu. Ndiyo inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini. Mirija ya nje, iliyo karibu na gome, ni floemu. Hiyo hubeba chakula kilichopikwa na majani na kukishusha mpaka mizizini, kwa maana mizizi haipiki, hulishwa. Na katikati ya hizo mbili kuna utando mwembamba sana, kambiamu, ambao kazi yake ni kuzaa seli mpya, za ndani zikawa zailemu na za nje zikawa floemu, na ndivyo shina linavyonenepa.

"Kumbe mti una barabara ya kupanda na barabara ya kushuka," Wembe alisema.

"Ndiyo."

"Na askari wa barabarani yuko wapi?"

Wafanyakazi wa maabara walisimulia kwa muda mrefu kwamba siku hiyo fundi alicheka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aajiriwe.

Jioni hiyo hiyo Wembe alichuma ua jeupe lenye bua refu, akalisimamisha kwenye glasi ya maji aliyoyatia wino wa buluu wa mumewe. Mama mkwe wake, aliyekaa nao, alilitazama ua lile, akauliza kama mwanawe alioa mke au mganga. Asubuhi petali zilikuwa zimechorwa mistari ya buluu, myembamba kama mishipa ya mkono, mpaka kwenye ncha.  Mama mkwe alikwenda kuwaita majirani wawili, akawaonyesha, na akawaeleza jinsi maji yanavyopanda kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa maabara.

Mwaka uliofuata Wembe aliomba kazi kitaluni. Alipewa kisu siku ya pili, na tangu hapo miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Alikuwa mkali. Kazi ya kubebesha haina huruma kwa mtu mzembe: kambiamu ya kikonyo isipogusana na kambiamu ya mche, hata kwa kuachana unene wa ukucha tu, hakuna muungano, na mwezi mzima umepotea. Lakini ukali wake mkubwa ulikuwa juu ya waya. Miti yote ya mbegu pale ilikuwa na vibao vya bati vyenye namba, vilivyofungwa kwa waya. Mti hunenepa, waya haunenepi. Wembe ndiye aliyeweka sheria kwamba kila mwaka, kabla ya mvua, nyaya zote zilegezwe moja baada ya nyingine kwa kufuata daftari la namba. Mwagiliaji wa kitalu, mtu mzima mwenye mzaha mwingi ambaye kila mtu alimwita Mvua, aliwahi kusahau mmoja, na alihubiriwa mbele ya wenzake mpaka akaomba afadhali apigwe.

Jumatano, siku nane kabla ya wageni, Wembe alikwenda kwenye mti mama kuchagua vikonyo. Kila mtu aliyeutazama mti ule alitazama matunda. Yeye alitazama majani. Yale ya kileleni yalikuwa madogo kuliko ya mwaka uliopita, na ncha zake zilikuwa na unjano. Akashuka kwa macho taratibu, kutoka matawini mpaka shinani. Usawa wa goti, shina lilikuwa limevimba, kama kidole kilichonenepa kikiwa na pete. Chokaa nyeupe, ambayo mashina yote hupakwa kila mwaka kuzuia wadudu na jua, ilifunika pale vizuri kabisa.

Alipiga magoti akakwangua chokaa kwa mgongo wa kisu. Chini yake gome lilikuwa jeusi, kavu, likitoka kama ngozi ya kidonda cha zamani. Akakwangua kuzunguka. Upana wa vidole vinne, gome lilikuwa limekufa kuuzunguka mti karibu wote. Upande mmoja tu ulibaki ukanda mbichi, usiozidi kidole gumba. Na ndani ya kidonda hicho, uliozama kwenye gome, ulikuwemo waya.

Alikaa chini kwenye matandazo ya majani makavu. Sasa aliyaelewa matunda yale. Maji yaliendelea kupanda, kwa sababu barabara yake iko ndani ya mti, ambako waya haukufika. Ndiyo maana majani yalikuwa bado kijani na watu wakasema mti una afya. Lakini barabara ya kushukia ilikuwa imefungwa. Chakula chote cha majani kilikwama juu, na kwa kuwa hakikuwa na pa kwenda kilikwenda kwenye maua na matunda. Huku chini mizizi ilikuwa ikifa njaa. Mti ule haukuwa umebarikiwa. Ulikuwa unakula urithi wa mizizi yake, na mizizi ikiisha, maji nayo yasingekuwa na wa kuyapandisha.

Mvua alikuja na mpira wake wa maji, akainama, akapiga mluzi.

"Dada Wembe, huyu amenyongwa."

"Naona, kaka."

"Nani kamfunga? Maana hana hata kibao."

Hapo ndipo Wembe alipokumbuka, na kumbukumbu ilimjia yote kwa pamoja. Wiki yake ya kwanza kitaluni mzee alitaka kila mgeni aione namba moja, na Wembe akafunga kibao chini shinani badala ya kwenye tawi. Mwaka wa pili kibao kile kilianguka au kiliibwa. Mzee alisema mti huo haukuhitaji namba, nani asiyeujua, na namba moja ikafutwa daftarini. Kibao kiliondoka, waya ukabaki. Kila mwaka yeye alilegeza nyaya kwa kufuata daftari, na daftari halikuwa na namba moja.

Mzee alifika na chai yake. Alipouona waya alikiweka kikombe chini, na uso wake ukabadilika. Hakumwuliza Wembe kitu. Alimgeukia Mvua, kwa sababu Mvua ndiye aliyekuwa akipaka chokaa. Alimwuliza kama macho yake yalikuwa ya mapambo, kama brashi inaweza kupita juu ya waya miaka tisa bila mkono kuhisi. Alisema kwamba mwisho wa mwezi atafute pa kwenda kumwagilia.

Wengi wetu tunajua kilichokuwa rahisi hapo. Wembe hakulazimika kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kukaa kimya tu, na kimya hakina shahidi. Alhamisi ya wiki ile nyingine mkuu wa chuo alichokuwa akikifagia angekuja kumpa mkono mbele ya wanafunzi sitini. Watu husema hawakusema uongo, na wanalala vizuri. Kana kwamba kumwacha mwenzako abebe mzigo wako si uongo wenye miguu.

"Baba," alisema, "waya ni wangu. Niliufunga mimi, kwa mkono huu. Kaka Mvua alipaka chokaa juu ya kosa langu."

Mzee alimtazama. Mvua naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Wembe hakungoja kusamehewa, maana alikuwa na haraka. Alisema mti ungeweza kupona kama ungejengewa madaraja. Angekata vijiti vya mti wenyewe, avipachike chini ya gome zima la chini ya kidonda na la juu yake, chakula kiruke kidonda kishuke. Gome lilikuwa linaachia vizuri, lilikuwa msimu wake. Baada ya wiki mbili lisingeachia tena. Lakini matunda yote yangetolewa kwanza, leo na kesho, pamoja na theluthi ya matawi. Mti uliobeba matunda yale usingebakiza chakula cha kuponyea kidonda.

Mzee alisema matunda yalikuwa machanga. Wembe akakubali; yakitolewa sasa yangenyauka, hayangeiva. Mzee akasema wageni wanakuja kuyaona. Akakubali hilo pia. Mzee akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mkewe hakuwahi kuuona mti ukizaa hivi.

"Mama angeukuta mwakani umekauka, baba. Hivi ndivyo unavyoaga."

Mzee aliokota kikombe chake, akaimwaga chai iliyobaki. Halafu akasema walete ngazi, na kwamba yeye mwenyewe angepanda, kwa sababu hakutaka matunda ya mkewe yaangushwe kwa fimbo.

Walichuma mpaka Alhamisi jioni. Walijaza matenga, wakajaza mikokoteni, kisha wakamwaga kwenye shimo la mboji, rundo lililofika kiunoni. Ijumaa asubuhi Wembe alinyoa mkono wake mara mbili. Aliukata waya kwa koleo, akauvuta kipande kwa kipande. Alisafisha kingo za kidonda mpaka alipofika kwenye gome bichi, lenye unyevu na harufu ya kijani. Alichagua vijiti tisa vyenye unene wa kalamu, akavichonga ncha zote mbili kama patasi, na kila kimoja akakitia alama ya rangi upande wa juu; kijiti hakina budi kusimama kama kilivyoota, kikigeuzwa kichwa chini hakijengi njia. Akapasua gome, akaingiza ncha ya chini, akakipinda kijiti kidogo kama upinde ili upepo ukiutikisa mti kisichomoke, akaingiza ncha ya juu, akapigilia vimisumari vidogo na kufunika viungo kwa nta. Mvua alishika nta ya moto.

Katikati ya kazi Mvua alipata tena ulimi wake.

"Dada, ule msemo wa mganga hajigangi, leo nimeuona na nyundo mkononi."

"Sema vyote uvimalize, una haki."

"Bado sijafika kwa nyani. Nitakwenda naye polepole, mpaka mwaka ujao."

Wembe alicheka mpaka kisu kikamtetemeka, akakiweka chini akasubiri mkono utulie. Alipomaliza daraja la tisa shina lilikuwa na mbavu pande zote. Walilifunga gunia lenye unyevu kuzunguka, wakasimama wanalitazama.

Wageni walikuja Alhamisi yao. Mzee hakuwaandikia wasije. Waliingia wanafunzi sitini na madaftari yao, wakakuta mti ulionyolewa, usio na tunda hata moja, umefungwa gunia kama mtu aliyevunjika mguu. Baadhi walicheka. Mkuu wa chuo aliuliza kwa adabu kama ndio mti wenyewe. Wembe alisogea mbele, akajieleza kwamba yeye ndiye aliyeufunga waya miaka kumi na mmoja iliyopita, na kwamba ndiye aliyewafundisha wengine kulegeza nyaya kila mwaka. Kisha akalifungua gunia. Aliwaonyesha uvimbe wa juu ya kidonda, palipokuwa pamekwama chakula. Akawaonyesha ukanda ule wa kidole gumba uliouweka mti hai. Akawauliza kwa nini majani yalibaki kijani. Mmoja alijibu vibaya, wa pili vibaya zaidi, wa tatu akaanza kujibu, akajisimamisha katikati ya neno, akasema, "Kumbe," na darasa zima likasogea mbele kwa wakati mmoja mpaka Mvua akalazimika kuwazuia kwa mpira wa maji. Walikaa saa tatu badala ya moja. Hakuna aliyecheka tena.

Sehemu ngumu ilikuwa bado. Mti haukwambii leo. Vijiti vingeweza kubaki kijani mwezi mzima kwa maji yaliyomo ndani yake na bado visiwe vimeunga. Wembe alifika kila asubuhi kabla ya wengine, akalowesha gunia, akaondoka bila kugusa. Nyumbani mama mkwe alimwuliza kila jioni mgonjwa ameamkaje, kama amekunywa chochote, na kama madaktari wanaruhusu watu kumtembelea. Wiki ya tatu vijiti viwili viligeuka kahawia vikasinyaa. Siku hiyo Wembe hakula vizuri, na mama mkwe hakuleta mzaha, alimsogezea sahani tu, akasema, "Mwanangu, saba si haba."

Wiki ya tano vile saba vilianza kuchipua. Wembe aliviparura vichipukizi vyote kwa ukucha, ingawa Mvua alimsihi aache hata kimoja cha kutazama. Daraja ni la kupita, si la kujenga nyumba. Wiki ya saba nta ilikuwa inapasuka, kwa sababu vijiti vilikuwa vinanenepa. Mzee alitaka kuita watu washerehekee. Wembe akamkatalia. Kunenepa kwa kijiti, alisema, kunaonyesha chakula kimeingia darajani. Hakuonyeshi kwamba kimefika upande wa pili.

Alingoja wiki mbili zaidi. Kisha asubuhi moja aliwaita mzee na Mvua, akapiga magoti hatua mbili kutoka shinani, mahali pa mizizi myembamba inayonyonya maji. Mizizi hiyo ya mparachichi huishi karibu kabisa na uso wa ardhi, ndani ya majani yaliyooza. Aliondoa matandazo kwa vidole, kiganja kwa kiganja. Tabaka la kwanza lilikuwa na mizizi iliyokufa, myeusi, inayovunjika ikiguswa. Mvua aligeuza uso. Mzee alisimama akiwa ameushika ukingo wa koti lake.

Wembe aliendelea. Chini ya ile myeusi vidole vyake viligusa kitu laini, akasimama, akapuliza udongo badala ya kuufuta. Ulikuwa mzizi mpya, mweupe kama jino la mtoto, mnene kama njiti ya kiberiti. Pembeni yake ulikuwepo mwingine. Alipofungua kiganja kingine cha udongo ilikuwa mingi, imetambaa kila upande ndani ya majani, na yote myeupe.

Mzee alipiga magoti pale alipokuwa, suruali yake nzuri ikaingia matopeni, akaweka miwani yake, akainama mpaka pua ikakaribia ardhi.

"Huu umelishwa na majani?" aliuliza.

"Na majani, baba. Kupitia gome."

 Mzee, kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kurudisha matandazo juu ya mizizi ile, kidogo kidogo, akiwaambia wasikanyage, wapite mbali, na kwamba Mvua afungue maji, lakini polepole.